Kamera isijue kinachokuja: nyuma ya pazia la The Office na wenzake

Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa The Office, kichekesho cha BBC kilichojivika sura ya makala ya ofisini, mfanyakazi Tim anamvuta mwenzake Dawn chumba cha mikutano, anafunga mlango, halafu anaichomoa maiki aliyovishwa. Sauti inakatika papo hapo. Tumebaki nje ya kioo: watu tunawaona, neno hatulisikii. Akitoka anairudisha maiki na kutupa jibu kwa maneno machache. Amekataliwa.

Watu huitaja kama sini ya mapenzi. Ni sini ya fundi sauti pia. Isingeingia akilini hata kidogo kama vipindi 11 vya nyuma yake havikumzoesha mtazamaji kwamba ofisi ile ina wageni wenye kamera, na kila anayesema amebandikwa kidude kifuani. Na hiyo ndiyo kanuni ya vichekesho hivi, ambavyo nitaviita makala ya kuigiza kwa vile runinga zetu huita makala kile ambacho wengine hukiita dokumentari. Vifaa vimo ndani ya hadithi. Kamera ni mhusika: haina jina, haisemi, lakini ipo chumbani, ina mipaka yake, na haijui kinachokuja. Hilo la mwisho likivunjika, hata mzaha mtamu vipi unageuka maigizo ya kawaida.

Wengi huku kwetu wanaojaribu namna hii huanzia pasipo. Kamera inatikiswatikiswa, mtu anaikodolea macho, inatiwa sauti ya sufuria kudondoka, basi. Kazi ya wenyewe iko kwengine.

Asili yake kwa ufupi. Miaka ya 1990 runinga za Uingereza zilijaa makala za watu wa kawaida: BBC ilikuwa na Airport (1996), ya uwanja wa ndege wa Heathrow, na Driving School (1997), ya wanafunzi wa udereva. Kamera za video zilishakuwa nyepesi, watu wawili wanaweza kumfuata mtu kutwa nzima, na mwanafunzi asiyejua kukata kona akawa maarufu nchi nzima. Wananchi nao wakashika somo: kamera ikija, huenda ukatoka hapo na jina. David Brent wa The Office, bosi wa tawi la kampuni ya karatasi mjini Slough, ni mtu aliyelishika somo hilo vibaya. Watunzi wake, Ricky Gervais na Stephen Merchant, walianza na filamu fupi ya mazoezi mwaka 1998, Merchant akiwa kwenye mafunzo ya utayarishaji ya BBC. Mfululizo wenyewe ukaenda hewani BBC Two tarehe 9 Julai 2001. Misimu miwili ya vipindi 6, vipindi viwili vya Krismasi ya 2003, na kazi ikafungwa. Slough tunaiona kwenye picha za mwanzo. Ofisi ilipigiwa picha Teddington Studios, kusini magharibi mwa London.

Sasa kazi. Kabla ya mswada huandikwa mstari mmoja tu: nani amekuja na kamera, ameambiwa nini, na ameruhusiwa kuingia wapi.

Tuchukue mfano wa hapa. Shehia ya kubuni, Kijito Kikavu, pwani ya Unguja, inaandaa resi za ngalawa. Kamati ina watu saba. Runinga imetuma watu watatu, wapiga picha wawili na fundi sauti, kutengeneza makala ya maandalizi kwa wiki sita, na aliyewaalika ni mwenyekiti. Mstari huo umeshakupa sheria zako zote. Kamera ni mbili, kwa hivyo tukio moja haliwezi kuonekana kutoka pembe tatu kwa wakati mmoja. Mwenyekiti ndiye mwenyeji, kwa hivyo yeye atajitutumua na katibu atanuna. Nyumbani kwa mtu hawana ruhusa, kwa hivyo ugomvi wa mwenyekiti na mkewe tutausikia kutoka barazani, mlango umerudishwa nusu. Ukitaka sini ya chumbani, lazima mtu awakaribishe ndani, na sababu ya kuwakaribisha nayo iandikwe.

Kwa mambo ya kamati, ya kuangalia ni Twenty Twelve ya John Morton (BBC Four, 2011), juu ya watu wanaoandaa Olimpiki ya London. Kipindi cha kwanza kilirushwa tarehe 14 Machi 2011, na ndani yake kulikuwa na kasheshe ya saa ya kuhesabu siku zilizobaki. Saa ya kweli ilizinduliwa Trafalgar Square siku hiyohiyo, na kesho yake ikasimama. Si utabiri huo. Kamati zinafanana tu.

Kushika kamera

Kamera A inamfuata anayesema, kamera B inamfuata anayesikiliza. Ukiwa na kamera moja tu, rudia sini mara mbili, na mara ya pili usimpige msemaji kabisa. Kichekesho cha aina hii hukaa kwenye uso wa anayesikiliza, na asiyejua hilo hurudi nyumbani na saa tatu za watu wanaobwabwaja na hana uso hata mmoja wa kukatia. Kamera zote mbili zikae upande mmoja wa wazungumzaji, la sivyo kwenye uhariri wote wataonekana wanatazama upande mmoja, kana kwamba mmoja anasema na mgongo wa mwenzake.

Lenzi iwe ya kuvuta, si ya urefu mmoja. Ya milimita 24 hadi 105 inatosha kabisa. Mpiga picha asimame mita tatu au nne mbali na avute, kwa sababu mtu wa makala husimama pembeni asiwe njiani. Ukimsogeza hadi puani mwa mtu, mtazamaji anahisi bila kujua kwa nini kwamba hawa wamepangwa.

Kisha wakati. Kamera ifike kwa msemaji nusu sekunde baada ya sauti, isitangulie. Kosa kubwa kuliko yote ni lenzi kumgeukia mtu kabla hajafumbua mdomo: hapo kila mmoja ameshajua kwamba kuna karatasi. Dawa yake ni mpiga picha asisome mswada wa siku hiyo. Fanya mazoezi na waigizaji yeye akiwa nje, halafu mwite na umwambie afuate masikio yake. Teki ya kwanza, yaani sini ikipigwa mara ya kwanza, mara nyingi ndiyo yenye makosa mazuri. Ikifika ya tano ameshakariri, basi mhamishe pembe.

Kuhusu kutikisa: usitikise. Mpiga picha wa kweli wa makala anapigana kuituliza kamera. Viwiko vimebana mbavu, mgongo umeegemea ukuta au nguzo ya baraza, pumzi inatoka polepole. Picha inayumba pale tu mtu anapoinuka ghafla na kuondoka, na ndiyo maana ikiyumba ina maana. Fokasi nayo iwe ya mkono. Ile ya kujiendesha huwindawinda wakati usiofaa, na kwenye simu hurukia pazia linalopepea nyuma ya mtu. Fokasi ya mkono ikikosea mara moja kwa kipindi ni pambo. Ikikosea mara tano ni uzembe.

Na pasiwe na picha kutoka mahali ambapo mtu hawezi kusimama: ndani ya friji, juu ya dari, angani kwa droni. Droni juu ya ngalawa inapendeza sana, najua. Iache.

Kuna jambo moja la umeme ambalo watu huliruka. Runinga ya Uingereza hupiga picha 25 kwa sekunde kwa sababu umeme wao una mizunguko 50 kwa sekunde, na wa kwetu ni huohuo 50. Simu nyingi zinakuja zimewekwa picha 30, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, hujipanga yenyewe. Taa za mirija za ofisini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, hesabu hazilingani, na picha inapata michirizi inayopanda na kushuka ukutani. Weka 25, shata 1/50, au 1/100 ukumbi ukiwa na mwanga mwingi, na michirizi inaondoka. Nje kwenye jua, 1/50 itakuunguzia picha; vika lenzi kichujio cheusi, usiongeze kasi ya shata ovyo, maana mwendo wa watu utakuwa wa kukatakata.

Taa za filamu usilete. Dirisha linatosha, na baraza yenye kivuli ni studio ya bure. Taabu ni nguo: kanzu nyeupe pe karibu na dirisha inawaka, na ukiifuata kanzu, uso unakuwa giza. Pima mwanga kwa uso. Mwenyekiti avae kanzu ya rangi ya maziwa au ya zafarani, na bibi mweka hazina mwenye baibui jeusi usimkalishe mbele ya ukuta wa giza, atabaki uso unaoelea.

Macho kwenye lenzi

Hapa ndipo panapoigwa zaidi na kueleweka kidogo. Brent akiangalia kamera, anahakikisha kwamba imemuona akisema jambo la maana. Tim akiiangalia, anatafuta shahidi. Ni macho mawili tofauti kabisa, na kila mhusika aamuliwe lake kabla ya siku ya kazi. Kwenye kamati yetu mwenyekiti hupendeza kamera, katibu hushuhudisha, bibi mweka hazina haiangalii kabisa kwa sababu hakuwaalika na hawataki. Siku moja akiiangalia, mara moja tu, kwenye kipindi cha nne, hiyo itakuwa na uzito kuliko kelele zote.

Kwa dakika kumi, mara mbili au tatu kwa mhusika ni nyingi. Macho yatangulie, shingo isigeuke, na isizidi sekunde moja. Mwigizaji wa jukwaani hugeuza kifua kizima. Huyo mwambie ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili, kitamzuia.

Mahojiano ya kitini ni jambo jengine. Kiti kikae mita moja na nusu kutoka ukutani, dirisha ubavuni, lenzi sawa na macho ya anayehojiwa, na muulizaji kichwa chake kiwe shibiri moja kutoka kwenye lenzi. Anayehojiwa anamtazama muulizaji, si lenzi. Andika mahojiano kumi na mbili ukitumaini kutumia sita. Unaweza kuyapiga yote siku moja, ila badilisha kofia, mitandio na kalenda ya ukutani ili yaonekane ya wiki sita. Kinachoharibu ni jua: dirisha la magharibi hutulia asubuhi yote, kisha kuanzia saa 9 alasiri linamwaga jua usoni mwa mtu na mahojiano ya mwanzo hayaungani na ya mwisho. Tundika shuka nyeupe tangu asubuhi.

Kazi ya mahojiano ni kukanushwa na picha inayofuata. Mwenyekiti anasema: "Hapa kwetu hakuna mkubwa wala mdogo. Sisi sote ni kitu kimoja." Kata. Kikaoni, wenzake sita wako chini kwenye jamvi, yeye kwenye kiti cha plastiki chenye mto. Hakuna anayelitaja. Ukimpa mjumbe mmoja aulize "Mwenyekiti, mbona wewe una kiti?" umekiua kichekesho kwa mkono wako.

Wengi hudhani The Office ilibuniwa papo kwa papo. Hapana, karibu yote iliandikwa. The Thick of It ya Armando Iannucci, ya vichekesho vya siasa za Uingereza, ambayo si makala ya kuigiza lakini imevaa nguo zake, ilipiga mswada kwanza halafu ikawaachia waigizaji teki ya kujiachia. Kwa wanaoanza nashauri teki tatu za mswada na moja huru, na usishangae ukichukua kutoka kwenye ile huru kikohozi kimoja tu na kigugumizi.

Kigugumizi chenyewe kiandikwe. Morton huandika kila "ndiyo, hapana, ndiyo" ya watu wake, na waigizaji huikariri kama ilivyo. Andika "yaani", "enhe", "basi tena", andika sentensi inayofia njiani, la sivyo watasema kama wanasoma taarifa ya habari. Na lafudhi usiiazime. This Country (BBC Three, 2017 hadi 2020) waliiandika ndugu wawili, Daisy May na Charlie Cooper, wenyeji wa Cirencester, kwa kusema kwao wenyewe. Ikapigiwa picha Northleach, na baba yao mzazi, Paul Cooper, akacheza baba wa Kerry, mhusika wa Daisy May. Ukitaka mtu wa Wete, mchukue Wete. Mtu wa Mjini akiigiza Kipemba, Wapemba watazima simu kabla hajamaliza salamu.

Msimulizi, ukimtumia, ndiye pekee wa Kiswahili sanifu. Twenty Twelve na W1A, kazi nyingine ya Morton, zilimtumia mwigizaji David Tennant, na kila neno alilisoma kwa heshima zote kana kwamba ni jambo la taifa. Msimulizi asicheke, asikejeli. "Kamati imepiga hatua katika suala la kitambaa cha tangazo." Inatosha.

Sauti

Picha mbaya mtu anasamehe, sauti mbaya anafunga. Habari njema ni kwamba maiki hapa haina haja ya kufichwa, kwa vile watu wa kwenye hadithi wanajua wanarekodiwa. Sharti lake ni moja: ikionekana sini ya kwanza, ionekane zote. Maiki inayotokea na kupotea kifuani ni kosa ambalo mtazamaji wa Tim hatokusamehe.

Iwe shibiri moja chini ya kidevu. Kwenye kanzu ibane penye kifungo, waya ufanye kitanzi kidogo na ushikwe kwa plasta ndani, ili ukivutwa uvute kitanzi na si maiki. Baibui la nailoni lina taabu: kitambaa kikijisugua kinatoa mkwaruzo ambao hakuna programu itakayouondoa bila kula sauti ya mtu. Ibandike juu ya mtandio, isikae baina ya nguo mbili. Betri badilisha adhuhuri, hata kama taa inasema bado. Kiwango cha sauti kipande hadi desibeli −12, ili mwenyekiti akifoka isipasuke.

Chumba kabla ya kuanza: zima feni, zima friji, na ufunguo wa gari utie ndani ya friji ili usisahau kuiwasha wakati wa kuondoka. Vespa zinapita, subiri. Kunguru hawasubiriki, wakati wao mbaya ni asubuhi na jioni, kwa hivyo mahojiano yakae katikati ya siku. Wakati wa kusi, pwani bila kava la manyoya kwenye maiki hutapata hata sentensi.

Adhana nayo ina hesabu yake. Adhuhuri na Alasiri zinaangukia katikati ya siku ya kazi. Pumzisha watu, ndiyo heshima na ndiyo ufundi. Sini iliyopigwa adhana ikisikika kwa mbali haiwezi kukatwa: ukitoa sekunde nne za mazungumzo, adhana inaruka, na kila sikio la hapa litajua. Ukiitaka ndani ya hadithi, irekodi peke yake nzima, kisha ilaze chini ya sini bila kuikata.

Mwisho wa kila mahali, watu wote wanyamaze sekunde 30 na rekodi kimya cha chumba. Bila kimya hicho mhariri hana cha kuzibia mianya, na kila mkato utasikika kama shimo.

Mezani kwa mhariri

Hakuna kicheko cha kubandika, hakuna muziki chini ya maneno. Baada ya sentensi ya kijinga acha sekunde mbili kamili kabla ya kukata; vijana wengi hukata mapema kwa kuogopa kimya. The Office ilijazia kwa picha za mashine ya fotokopi na watu waliopinda mezani. Kwetu ni birika linalochemka, ngalawa juu ya magogo, paka kwenye kiti cha mwenyekiti. Piga ishirini za namna hiyo, kila moja sekunde 10, kamera imetulia. Ndizo zitakazoficha maungio, na ndizo zitakazomwambia mtazamaji kwamba kazi bado haijaanza na siku inakwenda.

BBC haina matangazo ya biashara, kipindi cha nusu saa kinakaribia nusu saa kweli. Kwa anayeangalia kwenye simu, dakika 8 hadi 12 zinatosha. Marion and Geoff (BBC, 2000) ilikwenda kama dakika 10 kila kipindi: Rob Brydon peke yake ndani ya gari, kamera moja mbele yake. Asiye na fedha aanzie hapo. Teksi, dereva mmoja mwenye siri asiyojua kwamba tumeshaigundua, kamera kwenye dashibodi, maiki kwenye shati, na madirisha yamefungwa.

Kibali cha kupiga picha Zanzibar kinashughulikiwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Nenda na muhtasari wa kurasa mbili, si wazo la mdomo. Anayeonekana uso nyuma ya sini aombwe ridhaa kwa maandishi, na sini za watu kula barazani mchana zisipangwe Ramadhani.

Bado jambo moja kabla ya kurusha. Tarehe 1 Aprili 1957 kipindi cha Panorama cha BBC kilionyesha dakika tatu za familia ya Uswisi ikivuna tambi kutoka mitini, kwa sauti ya Richard Dimbleby, mtu aliyeaminiwa na taifa. Watazamaji walipiga simu kuuliza mti huo unapandwaje. Huko kipindi kilikuwa na saa yake na mahali pake. Kipande chako kitakatwa kwenye simu ya mtu, kitapita kundi la WhatsApp hadi kundi, bila jina la mfululizo, na kesho yake asubuhi kuna sheha wa kweli anaulizwa fedha za ngalawa zimekwenda wapi. Onyo la mwanzo wa kipindi halisaidii, ndilo linalokatwa kwanza. Andika neno "Maigizo" kwa herufi ndogo kwenye kona ya juu, mwanzo hadi mwisho, mahali ambapo mtu akitaka kuliondoa itambidi akate na kichwa cha mwenyekiti.